Sita, Sita, Tatu

Kabla ya kugusa mti hata mmoja, mjomba alifagia uwanja. Alifagia mwenyewe, kwa ufagio wa chelewa, ingawa alikuwa na vijana wawili wanaojifunza kazi na mpwa wa kutumwa, ambaye ni mimi. Akimaliza alinyunyiza maji, akangoja mchanga ushikamane, kisha akachomeka kigingi cha kwanza. Nyumba ilikuwa pale mbele yetu, kuta zimeshasimama, udongo wake umekauka na kupasukapasuka kama kisigino. Paa lilikuwa huku chini, miguuni petu, bado halijawa kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimepelekwa Pangani likizo ya Juni. Nilidhani paa hujengwa juu: mafundi hupanda, hukadiria kwa macho, hukata, hupigilia. Mjomba alipomaliza asubuhi nzima akitembea na kamba juu ya mchanga uliofagiliwa, niliona anachelewesha kazi. Leo naamini kinyume chake. Paa la pande nne humalizika chini, na kinachofanyika juu ni kulipandisha tu.

Paa la pande mbili, lile la madarasa ya shule, halihitaji asubuhi ya namna hiyo. Ukishajua upana wa nyumba na kimo unachotaka, unatengeneza kenchi moja, unaifanya kipimo cha wenzake wote, unazisimamisha kwa safu. Kila kenchi ni pacha wa jirani yake. Ukuta wa mwisho unapanda peke yake hadi kileleni kuziba pembetatu iliyobaki wazi, basi. Paa la pande nne halina ukuta unaopanda. Kuta zote nne zinakomea kimo kimoja, na paa linaziinamia zote.

Kiswahili cha pwani kina majina ya pande hizo. Miteremko miwili mirefu, ya mbele na ya nyuma, ni vipaa. Ile miwili mifupi ya ubavuni ni visusi. Mjomba alivitaja kwa mpangilio uleule kila mara, akizunguka nyumba kwa kidole: kipaa cha mbele, kisusi cha kulia, kipaa cha nyuma, kisusi cha kushoto. Siku hizi nikisema kisusi mbele ya mafundi vijana wa Dar es Salaam wananiuliza ndiyo nini hiyo, hali wamekaa juu ya kisusi chenyewe, nyundo mkononi. Neno limebaki kwenye kamusi, na visusi vimejaa kila mtaa. Inaniuma kuona kitu na jina lake vimeachana hivyo, kwa sababu fundi mwenye jina la kitu hukiangalia. Asiye na jina lake anakipita akidhani ni sehemu ya kitu kingine.

Na kisusi hakikubuniwa kwa urembo. Nyumba ya miti na udongo ina adui mmoja mkubwa, nayo ni mvua inayopiga kwa ubavu. Pwani yetu ina pepo mbili zinazopokezana mwaka, kaskazi na kusi, na masika huingia wakati zinapokabidhiana zamu, kwa hiyo mvua inaweza kukujia leo kutoka upande huu na wiki ijayo kutoka ule. Ukuta wa udongo uliopanda kama pembetatu bila paa la kuukinga ungeanza kumomonyoka kuanzia kileleni. Wazee wakauondoa. Wakashusha paa pande zote nne, wakaacha upenu mpana ili michirizi idondoke mbali na msingi. Chini ya upenu wa mbele wakajipatia baraza. Umbo hilo likashikamana na nyumba ya Kiswahili hata vilipobadilika vyote vinginevyo: Kariakoo ilianza na makuti, ikaja kwenye madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kunyooshwa, kisha bati, na bado paa likashuka pande nne juu ya vyumba vilivyopangwa huku na huku ya ujia. Upepo nao una sababu yake. Paa la namna hii haliupi ukuta mrefu wa kuupiga kifua; popote unapotoka, unakuta mteremko, unapanda na kupita.

Sasa kona. Pale kipaa kinapokutana na kisusi panatakiwa mti mmoja utoke pembe ya ukuta upande hadi ncha ya mgongo wa paa. Mjomba aliuita kona tu, kana kwamba pembe nyingine zote za nyumba hazistahili jina hilo. Ndio mti mrefu kuliko yote iliyoinama ndani ya paa. Boriti za mikoko hazikufaa. Zilikuja kwa korija, ishirini ishirini, ngumu na zisizoliwa ovyo na mchwa, lakini ni fupi. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa hapo ndipo boriti inapokomea. Kwa kona mjomba alitafuta mvinje, mrefu, ulionyooka tangu shina. Aliukagua kwa kulala kifudifudi na kuutazama kutoka mwisho mmoja, jicho moja limefumba.

Shida ya kona ni kwamba huwezi kuipima. Ukuta unaupima kwa kamba. Upana wa chumba unaupima. Kona inaanzia pembeni mwa ukuta, pale unapagusa, lakini inakwenda kuishia hewani, mahali ambapo bado hapana kitu cha kushikia mwisho wa kamba.

Mjomba alipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na alikuwa na kijiti alichokikata sawa na dhiraa yake ili vijana wenye mikono mifupi wasiharibu hesabu. Tuseme nyumba ina upana wa dhiraa 12. Nusu yake ni 6, na nusu ndiyo anayoitaka, maana mgongo wa paa utasimama katikati. Akachora mchangani mraba wa dhiraa sita kwa sita. Pembe yake aliipata kwa kamba yenye mafundo: tatu huku, nne kule, na ikiwa kutoka ncha hadi ncha ni tano kamili, pembe ni mraba. Kisha akavuta kamba ndani ya mraba, kutoka pembe ya ukuta hadi pembe inayoikabili. Nilimwambia, hiyo ndiyo kona. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hicho ni kivuli chake saa sita mchana, mwanangu. Kona yenyewe imeinuka."

Mwishoni mwa kivuli hicho akachora mstari mwingine uliosimama mraba juu yake, mrefu sawa na kimo cha paa. Akaunganisha ncha ya kimo na pembe ya ukuta. Mstari huo wa mwisho ndio uliokuwa kona, kwa urefu wake halisi, umelala mchangani ukingoja mti ulazwe juu yake na kukatwa.

Nimetumia miaka mingi kuelewa alichokuwa akifanya pale. Alikilaza kimo. Kitu kilichotakiwa kusimama hewani, mahali pasipofikika, alikiinamisha hadi kikagusa ardhi, akakipima kikiwa kimelala, akakirudisha juu. Sekondari nilifundishwa pembetatu yenye pembe mraba, nikaikariri, nikafaulu mtihani. Ubao wa darasani ni bapa na pembetatu ya mwalimu ilikuwa bapa. Ya mjomba ilikunjwa mara mbili: ya kwanza ilizaa kivuli, na kivuli kikawa mguu wa ya pili. Hakuna mwalimu aliyenionyesha kwamba unaweza kuipandisha pembetatu moja juu ya mgongo wa nyingine na kwa njia hiyo ukafika mahali ambapo hapana kitu.

Kwa paa la makuti kimo kilikuwa sawa na nusu ya upana, sita kwa sita kwa sita, kwa kuwa makuti yanataka mteremko mkali. Maji yakizubaa juu yake yanapenya na kuozesha. Kona ikatoka dhiraa kumi na kitu, karibu robo tatu ya shubiri zaidi, na kila mara mjomba alilalamikia hiyo "na kitu". Bati lilipoenea, mteremko ukalegea. Kimo kikashuka hadi nusu ya nusu: tatu. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomfurahisha hadi uzeeni. Alitufanya tuliimbe kama watoto wa chuoni.

"Sita, sita, tatu?"

"Tisa!"

Si tisa na kitu. Tisa. Sita mara sita ni 36, na tena 36, na tatu mara tatu ni 9, jumla 81, na 81 ni tisa mara tisa. Hakuwahi kuizidisha namna hiyo. Aliipima mchangani mara nyingi kiasi kwamba namba ikajitokeza yenyewe, safi, bila makombo. Alisema bati lina hesabu njema. Bati silipendi kwa joto lake, lakini kwa hilo nalishukuru.

Kutoka kona huteremka miti mifupi hadi ukutani, kila mmoja mfupi kuliko uliotangulia, hadi wa mwisho karibu na pembe ni kama urefu wa mkono. Mjomba aliwaita watoto wa kona. Miti mirefu inayotoka mgongoni moja kwa moja aliiita makombamoyo ilipokuwa ya duara, na kenchi ilipokuwa mbao zilizopasuliwa, kana kwamba msumeno umeibadilisha ukoo. Watoto wa kona wana kanuni nzuri: tofauti kati ya mmoja na mwenzake haibadiliki. Ukiwapanga kila sentimita 60, na mteremko ni ule wa bati, kila mtoto anampungukia kaka yake kwa sentimita 67. Wa kwanza 67, wa pili 134, wa tatu 201, na kuendelea. Ukimjua mmoja unawajua wote.

Lakini hapa ndipo wanafunzi walipolia, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo ufundi ulipo. Mstari wa mchangani hauna unene. Mti unao. Kona ya mbao ya inchi mbili ina unene wa sentimita tano, na mtoto wa kona anaijia kwa mshazari, hivyo ubavu anaoukuta si sentimita tano bali saba. Nusu ya saba, tatu na nusu, ni mahali ambapo tayari pamekaliwa. Ukikata mtoto kwa urefu wa mchangani bila kumpunguza, atafika kabla ya wakati na kuisukuma kona. Kwa mteremko upunguzo unakaribia sentimita nne. Ni kidogo, fundi mvivu anasema nyundo italazimisha. Nyundo italazimisha kweli, na kona itapinda kama upinde, na mpindo huo utauona kutoka barabarani miaka yote nyumba itakayosimama. Ndiyo maana watoto wa kona hupigiliwa wawili wawili, wa kipaa na wa kisusi, msukumo wa kulia ukizuiwa na wa kushoto. Mjomba hakuruhusu upande mmoja utangulie hata kwa msumari mmoja.

Kuna na mgongo wa kona wenyewe. Upo pale miteremko miwili inapokutana, kwa hiyo kingo zake mbili, ukiziacha mraba, zinachomoza juu ya watoto wake na bati halilali. Unashusha kona kidogo, au unachonga kingo zote mbili hadi mgongo uwe na mteremko wa huku na wa huku. Mjomba alichonga. Alikaa juu ya mti kama aliyepanda punda, tezo mkononi, maganda membamba yakimwangukia mapajani, na hapo hakuzungumza na mtu. Nakumbuka sauti ya tezo kuliko sauti yake.

Mwaka jana nilijenga nyumba ndogo Mlandizi, mita 6 kwa 9. Mgongo wa paa ungekuwa mita 3, kwa kuwa visusi vinakula mita tatu kila mwisho. Ungekuwa upana sawa na urefu, mgongo ungetoweka na kona nne zingekutana nchani. Majirani walinishauri paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta juu ili lisionekane, ndiyo mtindo. Nilikataa. Sioni kwa nini mtu alipie kitu kinachomkinga na mvua kisha akione aibu, tena akifungie maji ndani ya kuta zake. Nikachagua kimo cha mita moja na nusu. Tatu, tatu, moja na nusu: kona ya mita 4.5. Namba za mjomba zilezile zimekatwa nusu na kuvaa mita.

Mbao zilitoka Sao Hill, Mufindi, msonobari uliotiwa dawa, wenye kijani kile chepesi. Fundi wangu wa kupaua ni kijana wa miaka ishirini na sita hivi, mwepesi, anayejua kazi. Alipiga hesabu kwenye simu, ikamjibu 4.5, akanionyesha kioo. Nikamwomba, kabla ya kukata, tupime ukuta kona kwa kona. Nyumba ya 6 kwa 9 yenye pembe mraba ina mita 10 na sentimita 82 kila upande wa mshazari. Tukapata 10.84 huku na 10.80 kule.

Sentimita nne. Kuta zilijengwa na fundi mwingine aliyekwisha kulipwa na kuondoka, na kwa macho zilikuwa nzuri kabisa. Pembe ya ukuta inaweza kudanganya maisha yake yote. Unaweka kabati, unapaka rangi, hakuna anayejua. Paa la pande mbili nalo lingeinyamazia. Kona hainyamazi. Makosa yote ya kuta nne yanapanda kwa miteremko minne na kukutana pale juu, na kila mtoto wa kona anakuja na deni lake.

"Mzee, hiyo itaingia kwenye kofia," fundi aliniambia kwa upole. Alimaanisha kile kipande cha bati kilichokunjwa kinachofunika kona. Chini yake pengo la sentimita nne halionekani. Alisema kweli. Halionekani.

Nikamwambia, "Fundi, ngoja kwanza." Niliona aibu kumfundisha mtu kazi yake, lakini nilichukua ufagio. Tulifagia mahali penye mchanga wa kujengea, nikachora mraba, nikachora kivuli, nikalaza kimo. Nikamwonyesha kinachotokea mraba ukiegemea: kivuli cha kona moja kinarefuka, cha jirani yake kinafupika, na watoto wa kulia hawalingani tena na wa kushoto. Vijana wake wangelazimika kupima kila kipande upya, hewani, mmoja mmoja, na watoto wako 32. Fundi alichuchumaa akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, ni lazima ukuta ndio useme neno la mwisho?

Haikuwa lazima. Tofali lilikuwa la inchi sita na mwamba, ile mbao inayolala juu ya ukuta na kubeba paa, ni wa inchi nne. Kuna nafasi ya sentimita mbili na nusu kila upande. Tukaacha ukuta na kosa lake, tukainyoosha miamba: kwenye kila kisusi, mwisho mmoja sentimita moja na kidogo ndani, mwisho wa pili sentimita moja na kidogo nje. Tukapima mshazari tena. 10.82, na 10.82. Akafunga miamba kwa waya zilizoachwa kwenye lenta, akakaza kwa koleo, akapima mara ya tatu bila kuambiwa.

Watoto wa kona tuliwakata chini wote kwa siku moja, wanane wanane kwa kipimo kimoja, tukawapanga kwa safu kulingana na urefu. Nilimwomba fundi aniachie jozi ya mwisho, wale wafupi kabisa wa pembe ya kusini. Sentimita 63 kutoka kona hadi mwamba, ukishatoa unene, ukiacha mkia wa upenu. Nilipanda ngazi nao wote wawili kwa mkono mmoja. Yeye akashika upande wa kisusi, mimi wa kipaa. Wakaingia bila nyundo, wakakaa, wakabaki wamejishikilia wenyewe huku natafuta misumari mfukoni.